Exile ya Geoffrey Oryema: maswali ninayoulizwa kila Jumamosi

Mimi ni fundi redio, Bweyale, kando ya barabara kuu ya Kampala kwenda Gulu. Jumamosi jioni kazi za watu zikishatulia, naweka albamu moja naipiga mwanzo hadi mwisho, na yeyote aliye kibandani anasikiliza. Anayetaka kuongea angoje wimbo uishe. Sheria ni hiyo tu. Hapa Mwacholi, Mkongo, Msudani Kusini na Mkenya wakitaka kubishana hubishana kwa Kiswahili, kila mtu na chake, na hakuna albamu iliyotubishanisha kama hii. Maswali ni yaleyale. Nimechoka kuyajibu nikiwa na chuma cha kulehemu mkononi, basi nimeyaandika.

Exile ni albamu gani hasa?

Ni albamu ya kwanza ya Geoffrey Oryema, ilitoka mwaka 1990, ina nyimbo kumi. Iko chini ya Real World, kampuni aliyoianzisha mwanamuziki Peter Gabriel mwaka 1989, yenye studio zake katika kinu cha maji cha zamani kijijini Box, Uingereza. Prodyuza ni Brian Eno, Mwingereza ambaye wakati huo alishajulikana kwa muziki usio na haraka ya kufika popote.

Mwimbaji mwenyewe ni wa kwetu. Alizaliwa Soroti mwaka 1953, lakini nyumbani kwao ni Anaka, wilaya ya Nwoya, kwa Waacholi. Kutoka kibandani kwangu unavuka daraja la Karuma, unakunja kushoto njia ya Pakwach, ukifika Olwiyo unakunja kulia. Bodaboda wa hapa anaijua njia hiyo hata usiku.

Kwa nini unatukataza kusoma habari zake kabla ya kusikiliza?

Kwa sababu huruma huziba masikio.

Kuna kijana mmoja alikuja ameshasoma kila kitu kwenye simu. Wimbo wa kwanza haujafika nusu, tayari anatikisa kichwa, macho yamejaa maji. Ulipoisha nikamuuliza, hicho kilichokuwa kinalia pamoja na sauti ni chombo gani? Hakukisikia. Nikamuuliza, sauti ilikuwa moja au mbili? Hajui. Alikuwa analia kwa sababu ya habari, si kwa sababu ya wimbo. Jumamosi hiyohiyo alikuwepo mama anayeuza nyanya jirani yangu, hajui hata jina la mwimbaji. Akaniuliza: "Fundi, mbona huyu anaimba kama mtu anayeogopa kuamsha watoto?"

Hiyo ndiyo tathmini. Tangu siku ile simwambii mtu historia mpaka nyimbo zote kumi ziishe. Albamu inayosimama kwa sababu tu mwenyewe aliteseka haijasimama, imeshikiliwa. Nchi hii walioteseka ni wengi, na wengi wao hawajui kuimba.

Basi tumemaliza kusikiliza. Historia yake ilikuwaje?

Baba yake ni Erinayo Oryema, aliyekuwa mkuu wa jeshi la polisi la Uganda, wa kwanza mzawa kushika cheo hicho, kisha waziri katika serikali ya Idi Amin. Februari 1977 aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake, Charles Oboth Ofumbi. Redio ya serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Tarehe 16 Februari sasa ni sikukuu ya taifa ya kumkumbuka Luwum, na kila mwaka siku hiyo wateja huniuliza kama nitafungua. Nafungua. Naipiga albamu hii mara mbili.

Geoffrey alikuwa na miaka kama 24. Alivushwa mpaka akiwa amefichwa ndani ya buti la gari, akafika Kenya, hatimaye akaenda Ufaransa. Tangu buti lile mpaka albamu hii ni miaka 13. Watu huwa hawaioni hiyo miaka. Hii si albamu ya mtu aliyekimbia jana. Anayeimba ni mtu mzima, amekaa na jambo lake muda mrefu hata ameacha kulipigia kelele. Ndiyo maana yule mama wa nyanya alisikia alichokisikia.

Kitu kingine cha kujua ni kwamba kabla ya kukimbia alikuwa mtu wa jukwaani. Alisomea uigizaji na alianzisha kikundi cha maigizo, Theatre Limited. Mwigizaji aliyefundishwa anajua kunong'ona na aliyekaa nyuma kabisa asikie. Sikiliza jinsi anavyomalizia maneno. Hayamezi, hata pale sauti inaposhuka mpaka inakuwa pumzi tu.

Kile kinacholia mwanzoni ni gitaa?

Hapana. Ni nanga.

Na hapo kila Mswahili anacheka, kwa sababu kwetu nanga ni chuma cha kuzuia chombo kisichukuliwe na maji. Nanga ya Kiacholi ni ubao uliochongwa mfano wa hori dogo la ng'ombe, wenye meno kila upande, na uzi mmoja uliopitishwa kwenye meno hayo kwenda na kurudi mpaka ukawa nyuzi saba. Zamani uzi ulikuwa mshipa wa ng'ombe. Mpigaji huipakata au huiegemeza mapajani, anakwangua na kudonoa kwa vidole, na huku anaimba au anasimulia. Kigezi na Ankole, magharibi mwa Uganda, wanayo ndugu yake, wanaiita enanga.

Niliwahi kuletewa moja nitie maiki ndogo ndani, ya kanisani. Nilipoidonoa uzi mmoja, nyuzi za jirani nazo zikatetemeka kidogo, bila kuguswa, na ubao mzima ukaendelea kuguna baada ya mimi kuondoa kidole. Nikaenda nikaweka tena Piny Runa Woko, wimbo wa kwanza wa albamu. Ule mguno umo! Miaka yote nilikuwa nadhani ni kelele ya nakala yangu. Kumbe studio ile ya Uingereza haikuusafisha, iliuacha ubao upumue. Prodyuza mwenye pupa angeufuta, na wimbo ungekufa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza albamu hii imejengwa juu ya nini, namjibu kwa Kiswahili chetu: aling'olewa nanga moja, akaondoka na nyingine mikononi. Baba yake ndiye aliyemfundisha kuipiga.

Zaidi ya nanga kuna gitaa, filimbi, na lukeme, vile vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba. Mkongo yeyote akiiona lukeme ataiita likembe, na hajakosea: ilipanda kutoka kwao ikaingia kaskazini mwa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, ikazaliwa upya kwa jina la Kiacholi.

Huu si muziki wa Waacholi. Ngoma iko wapi?

Swali hili huulizwa na vijana wa Kiacholi wenyewe, wala si wageni. Wamezoea ngoma za bwola na vibuyu vya larakaraka, vumbi mpaka magotini. Wakisikia Exile wanasema Wazungu wamemnyang'anya mtu ngoma zake.

Mzee mmoja wa Gulu, tunayemwita Ladit, aliwanyamazisha siku moja. Akawaambia: nyinyi mnajua mchana tu. Wacholi walikuwa na wang oo, moto wa jioni uani, watu wamekaa, wazee wanasimulia, watoto wanasinzia. Pale hapachezwi. Nanga ilikuwa ya pale. Mtu mmoja, ubao wake, na giza.

Sina cha kuongeza kwa Ladit. Ila nitasema kwamba kipimo cha muziki wa jadi si wingi wa vyombo vya jadi. Nimesikia albamu zimejaa vinubi vya adungu na ngoma nane, na hakuna hata wimbo mmoja ulionifanya nizime chuma changu. Hapa, kwenye wimbo wa kwanza, ni mtu na nyuzi zake, na nyumba nzima inanyamaza.

Sijui Kiacholi. Nina haki gani ya kuihukumu?

Ulikuwa na haki gani ya kuzipenda rumba za Lingala tangu utotoni?

Lakini sitaki kukudanganya kwamba maneno hayana kazi. Jua majina ya nyimbo angalau, uingie na ufunguo mkononi. Piny Runa Woko ni mtu anayesema kumemkuchia. Piri Wango Iya: kwa ajili yako ndani yangu kunaungua, na neno alilotumia la ndani ni tumbo, kwa maana Mwacholi huhisi tumboni kama sisi tunavyohisi moyoni au, tukikasirika kweli, maini. Lacan ni fukara, mtu asiye na kitu. Jok Omako Nyako: pepo amemshika msichana.

Lubanga ndio wenye kisa. Leo kanisani neno hilo maana yake ni Mungu. Okot p'Bitek, mwandishi Mwacholi, aliandika kwamba wamisionari walipowauliza wazee wa Kiacholi nani aliyewaumba, swali halikueleweka, maana kuumba kwa namna ile hakukuwa na neno lake. Wakauliza tena: nani aliyewafinyanga? Wazee wakafikiri, wakakumbuka kwamba mtu mwenye kibiongo husemwa amefinywa mgongo na jok, yaani pepo, mmoja aitwaye Rubanga. Wakajibu hivyo. Na wamisionari wakaandika: Mungu wao anaitwa Rubanga. Sasa sikiliza mtu aliyefiwa hivyo akiliita jina hilo, halafu amua mwenyewe anamwita yupi kati ya hao wawili. Mimi nimeshabadili mawazo mara tatu.

Baada ya hayo, achana na tafsiri. Nilimwomba Ladit anitafsirie wimbo mmoja mstari kwa mstari. Akasikiliza, akasema, "Maneno yenyewe ni machache, fundi. Anayarudia." Basi. Kinachobadilika si neno, ni namna linavyorudi: mara ya kwanza kifuani, mara ya pili juu puani, mara ya tatu kama vile ameshageuka kuondoka. Hilo halihitaji Kiacholi.

Wimbo bora ni upi?

Makambo. Na simsikilizi anayebisha.

Wakongo wanajua neno hilo toka mbali: ni mambo, matatizo, mashauri ya watu. Likambo moja, makambo mengi. Na ukilitazama vizuri utaona sura ya nyumbani. Sisi tunasema jambo na mambo. Baganda wanasema ekigambo na ebigambo, yaani neno na maneno. Lingala likambo na makambo. Mzizi ni mmoja, umepita vinywa vitatu. Mwacholi, ambaye lugha yake si ya ukoo huo kabisa, ndiye aliyelichukua akaliimba. Siku ya kwanza nilipoupiga kibandani, Mkongo, Mganda na mimi tuliinua vichwa pamoja, kila mmoja akidhani ameitwa yeye.

Ni wimbo wa gitaa la taratibu na sauti iliyoshushwa. Hauna kilele. Unangoja mahali ambapo wimbo wa kawaida ungepanda, unapita hapohapo kwa hatua ileile. Mara ya kwanza niliona kama kasoro. Sasa naona ndipo ustadi wote ulipo, kwa sababu yeye anajua unangoja nini na hakupi.

Ye Ye Ye ndio uliomfanya ajulikane Ufaransa. Televisheni ya France 2 iliutumia miaka ya 1990 kufungulia kipindi cha usiku wa manane. Mwepesi, mzuri, unashika kichwani. Watoto wa hapa huuimba baada ya kuusikia mara moja. Sina ugomvi nao.

Na Brian Eno? Si ameharibu kwa vinanda vyake?

Hapa ndipo tunapogawanyika, na mimi niko katikati.

Eno kazi yake ni ukungu. Anaweka sauti ndefu za sinthesaiza nyuma, kama moshi wa jikoni asubuhi unavyotanda chini ya mapaa. Land of Anaka unaonyesha faida yake. Wimbo ni wa Kiingereza, wa taratibu, na ule ukungu unaifanya Anaka iwe mbali, iwe mahali pa kuonwa kwa macho yaliyofumbwa. Kijana mmoja wa Nwoya aliniambia kwa hasira kwamba Anaka haiko hivyo, Anaka kuna jua, kuna mihogo, kuna tembo wa mbugani wanaokula mihogo hiyo. Kweli kabisa. Lakini mwenye wimbo hakuwa Anaka. Alikuwa Ulaya mwaka wa 13, na mtu akikaa mbali hivyo nyumbani huanza kuwa na ukungu, hata kama hapakuwahi kuwa nao.

Ninakomkubalia kijana ni kwamba ukungu ule haujui kuondoka. Kuna nyimbo nusu ya pili ya albamu ambapo natamani ningefika kwenye mitambo nishushe kitufe kimoja tu. Nanga haihitaji kusindikizwa. Ukiiwekea moshi kila wakati, mwisho msikilizaji anasikia moshi.

Ila tumshukuru kwa jambo moja ambalo maprodyuza wengi wa miaka ile wasingeliweza: hakutia ngoma za kompyuta. Chukua albamu nyingi za Waafrika zilizorekodiwa Ulaya kuelekea 1990, sikiliza ule mlio wa ngoma za mashine, puu-kah, puu-kah, umezizeesha kuliko mvi. Exile haina umri. Mteja wa miaka 19 aliniuliza ni ya mwaka huu?

Nyimbo dhaifu zipo?

Zipo. Solitude, kwangu, ndio wa kwanza. Jina limeshasema upweke, sauti inasema upweke, vinanda vinasema upweke. Mimi nifanye kazi gani? Akiimba Kiingereza Oryema ana tabia ya kueleza hisia badala ya kuiweka mezani uione. Akiimba Kiacholi haelezi kitu. Wimbo wa mwisho, uliobeba jina la albamu, nao unaegemea mlango huohuo, ingawa naukubali zaidi kwa sababu umekuja mwishoni na masikio yameshalainika.

Land of Anaka ni wa Kiingereza lakini umeokoka. Nadhani ni kwa sababu una jina la mahali. Mtu akitaja kijiji chake hawezi kuongea kijumlajumla.

Ana tofauti gani na kadongo kamu?

Swali zuri, na wenyeji wa Kampala huliuliza wakitaka kunikamata. Kadongo kamu nao ni mtu na gitaa lake, anatunga mwenyewe, anaimba mwenyewe. Jina lenyewe kwa Kiganda ni kigitaa kimoja tu. Fred Masagazi, Elly Wamala, Christopher Ssebaduka, Paulo Kafeero. Hao ni watunzi wa kupigiwa saluti.

Lakini mwimbaji wa kadongo kamu ni wakili. Anakuletea kesi yote: nani alioa nani, shamba liliuzwa bei gani, mashemeji walisemaje, mauti yalibisha hodi saa ngapi. Wimbo unaweza kwenda dakika kumi na zaidi na hujachoka, kwa maana unataka kujua mwisho. Ukipitwa na ubeti mmoja umepotea. Oryema ni kinyume chake. Kesi anayo, na ni nzito, na ushahidi anao, lakini amekaa kizimbani akatazama dirishani. Hakimu anasubiri. Yeye anataja tu kijiji, pepo, fukara, asubuhi.

Si kwamba mmoja ni bora. Kuna jioni nataka wakili. Lakini ukiipima Exile kwa mizani ya Kafeero utasema mtu huyu hana stori, na ukimpima Kafeero kwa mizani ya Exile utasema mtu huyu hanyamazi. Mizani ya mahindi haipimi mafuta ya taa.

Wanamwita Leonard Cohen wa Afrika. Sawa?

Waandishi wa Ulaya walimpa jina hilo kwa sababu ya sauti nzito kama ya Cohen, yule mwimbaji wa Kanada. Wamesikia nusu. Sauti ya Oryema inashuka, ndiyo, lakini pia inapanda nyembamba mpaka unadhani ameingia mtu mwingine chumbani, kisha inarudi chini bila kukunja kona. Cohen hana hilo.

Huoni aibu kumjadili mtu aliyemkimbia Amin kwa Kiswahili cha Amin?

Hili liliulizwa na mama mmoja wa makamo, na kibanda kikanyamaza.

Ana haki. Kwa wengi wa umri wake Kiswahili kilikuja na bunduki: kizuizi barabarani, kipande kiko wapi, lala chini. Amin mwenyewe alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973. Sitamwambia mtu aliyelazwa kifudifudi kwa lugha fulani kwamba lugha haina kosa.

Nilimjibu hivi: Shikamoo mama. Kiswahili kilikuwa cha kambi za polisi na jeshi tangu enzi za Mwingereza, kabla ya Amin kuwa na cheo chochote. Mtoto wa mkuu wa polisi asingekikwepa, na Oryema hakukikwepa: alikihesabu kati ya lugha zake, pamoja na Kiacholi, Kiingereza na baadaye Kifaransa. Albamu yake ya pili, Beat the Border ya mwaka 1993, ina wimbo unaoitwa Umoja. Kama mtu aliyetoka nchini ndani ya buti la gari hakukitupa, mimi nani?

Mama hakusema kitu. Alikaa mpaka wimbo wa kumi. Wiki iliyofuata alirudi na redio yake mbovu, akaniamkua kwa Kiacholi.

Niisikilize kwa kifaa gani?

Chochote kisicho na besi iliyopandishwa. Hawa vijana wenye spika kubwa kama kabati wanaua nanga kabisa, maana nyuzi zake zinaishi katikati, si chini. Zima ikwalaiza. Simu na hedifoni za bei nafuu zinatosha. Spika ndogo moja ya redio ya zamani, iliyowekwa juu ya meza ya mbao, ni bora kuliko zote. Meza inaguna pamoja na ubao wa nanga. Usiku, na kama jenereta ya jirani imezimwa.

Nakala nzuri nitaipata wapi?

Kwenye intaneti ipo, sauti safi, bando dogo linatosha. Ukinunua CD mitaani, hesabu nyimbo kabla ya kulipa. Nakala yangu ya kwanza niliuziwa duka moja Kampala, nikafika nayo nyumbani nikifurahi: nyimbo tisa, Makambo mara mbili, na wa mwisho umekatwa katikati ya neno. Miezi mingi niliamini albamu inaisha hivyo makusudi, pumzi inakatika. Hata niliwahi kumweleza mtu maana yake. Nilipopata nakala halisi nikaona aibu peke yangu gizani.

Albamu zake za baadaye zinaipita hii?

Hapana, ingawa Beat the Border ina nguvu zaidi ya miguu, na kwa kucheza naipendelea hiyo. Night to Night na Spirit zina nyimbo nzuri mojamoja. Lakini Exile ndiyo pekee ambayo sitaki kuruka wimbo, hata ule nilioulalamikia, kwa sababu ukiuruka unaufikia Lubanga ukiwa bado na sauti ya mchana masikioni.

Alirudi nyumbani?

Desemba 2016, karibu miaka 40 baadaye, alirudi Uganda na kutumbuiza Kampala. Alifariki Lorient, Ufaransa, tarehe 22 Juni 2018, akiwa na miaka 65. Sikwenda kwenye onyesho lile. Nilikuwa na amplifaya ya harusi ya kutengeneza, na mwenye harusi alikuwa amesimama mlangoni.

Unaipa ngapi kwa kumi?

Nane. Moja nimeipunguza kwa Solitude, nyingine kwa moshi wa Eno. Ladit anaipa kumi na anasema mimi nina choyo. Mama wa nyanya anaipa sita, kwa sababu haichezeki.

Naweza kuazima CD yako?

Hapana. Mara ya mwisho ilirudi baada ya miezi minne, ndani ya kasha la kwaya, na ina mkwaruzo unaoanzia kwenye wimbo wa saba. Sasa pepo anamshika yule msichana, anamwachia, anamshika tena palepale, mpaka niguse kitufe. Njoo Jumamosi saa kumi na moja, kama yunti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, hazijaisha. Kiti uje nacho.